Namba Moja, Wagonjwa Mia Moja Themanini na Saba

Nilimjua kwanza kama kosa kwenye kompyuta. Jumatatu moja asubuhi nilikuwa ofisini kwangu, ofisi ya afya, nikisafisha orodha ya wagonjwa. Wakati huo vituo vyote vya afya vya kwetu vilikuwa vimeshaunganishwa na hospitali kubwa kwa mfumo mmoja. Mgonjwa akiandikishwa huku anaonekana kule, na maabara ikitoa majibu, simu ya mgonjwa inapokea ujumbe hapo hapo. Mfumo ule niliujua nje ndani kwa sababu fomu zake nilizitengeneza mwenyewe, na mtu akiusema vibaya mbele yangu tulikuwa hatuelewani wiki nzima. Basi pigeni picha hasira niliyopata nilipoona namba moja ya simu imeandikwa kwa wagonjwa mia moja themanini na saba.

Kwa mujibu wa mfumo, mwenye namba ile alikuwa mjamzito mara kumi na nne kwa wakati mmoja. Alikuwa na kifua kikuu, kisukari na presha, alikuwa na umri wa wiki sita na pia wa miaka themanini na tatu, na alikuwa anasubiri chanjo ya surua mara thelathini na moja. Mkuu wangu alichungulia kioo, akasema, "Wagonjwa hewa hao." Alimaanisha kuna mtu anabuni majina ili kazi ya kituo chake ionekane kubwa. Niliamini papo hapo, maana mimi kuamini mabaya sichelewi. Nikabonyeza kitufe cha kuzuia namba, na kuanzia pale hakuna ujumbe ambao ungefika kwenye simu ile. Kisha nikanywa chai yangu kwa raha zangu.

Kesho yake, Jumanne, nikachukua gari la ofisi nikaenda kumkamata.

Kwenye duka la mwanzo wa mtaa nilimwonyesha muuzaji namba ile kwenye karatasi, nikamuuliza kama anaijua. Hata hakumaliza kuisoma. "Ya Mama Posta hiyo," akasema. "Nyoosha moja kwa moja, ukisikia cherehani umefika." Nikajisemea moyoni, kumbe mwizi wangu hata hajifichi.

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu wa macho ya kukwepa. Barazani nikamkuta mama wa miaka kama sitini, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Alikuwa anashona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Kwenye kona ya meza ya cherehani palikuwa na simu ndogo ya vitufe, mfuniko wake wa nyuma umeshikiliwa na kipande cha lastiki.

"Karibu, mwanangu. Unashona mpya au unarekebisha?"

"Sikuja kushona," nikasema kwa ile sauti yangu ya ukaguzi. "Natoka ofisi ya afya. Nataka kujua, mama, mtu mmoja anakuwaje na wagonjwa mia moja themanini na saba."

Mume wake, mpaka rangi mstaafu, alikuwa amekaa mlangoni anamenya viazi. Akainua kichwa. "Mbane vizuri, mwanangu. Mimi nimemuuliza miaka minne, naambiwa niangalie sufuria."

"Na sasa uiangalie," akasema Mama Posta.

Hakukasirika wala hakubabaika. Alikata uzi kwa meno, akanieleza. Wa kwanza alikuwa jirani yake, binti mjamzito asiye na simu. Alikwenda kuandikishwa kliniki, akaulizwa namba ya simu, akasema hana, akaambiwa basi kompyuta haiwezi kuendelea. Na kweli ilikuwa haiendelei. Sehemu ile ya namba ilikuwa lazima ijazwe, na aliyeifanya iwe lazima ni mimi. Binti akarudi analia, Mama Posta akamwambia, "Andika yangu. Mimi nipo hapa hapa kutwa nzima, nitaisikia."

Baada ya huyo wakaja wengine. Alikuja mzee asiyeona herufi. Akaja mama ambaye ana simu, lakini simu hiyo huanzia kwa mama mkwe ndipo imfikie yeye. Akaja baba mmoja wa kifua kikuu, mwenye simu kubwa ya maana, ila watoto wake huichezea na hakutaka waione meseji ya dawa kabla yake. Wote walikuwa na sababu moja, kwamba simu ya nyumbani ni ya kila mtu, lakini ya Mama Posta haishikwi na mtu isipokuwa Mama Posta. Kila ujumbe ulikuja na namba ya kadi ya mgonjwa, na namba hizo alikuwa ameziandika katika daftari lake la vipimo, pembeni ya kifua, kiuno na urefu wa mkono. Mtu akilifungua daftari lile anaona ufundi cherehani tu.

"Ujumbe ukija unaufikishaje?"

"Kwa miguu. Kwani wewe una njia nyingine?"

Hapo ndipo mume wake aliposhindwa kunyamaza. "Na haendi nyumba moja, huyu. Akiwa na neno la nyumba moja, anazunguka nyumba zote za mstari ule. Ndiyo maana viatu havimalizi mwaka."

"Nikibisha mlango mmoja tu, mtaa mzima utajua yule ana jambo lake," akasema mkewe. "Kwa hiyo nabisha yote. Huku nampima mtoto urefu, huku naomba kifungo, huku nasalimia, huku nagombana na mtu kuhusu suruali yake. Katikati ya hayo, kuna mmoja ninamwambia lake, na hakuna anayejua ni yupi."

Mimi nilisomea usalama wa taarifa miaka miwili, na njia hiyo sikufundishwa. Lakini kiburi hakitoki mara moja, nikamuuliza, "Nani alikuruhusu?"

"Nani alinikataza?" Akaweka sare chini, akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayeweza kumfaa. "Umesema wewe ni mtu wa hizo kompyuta? Afadhali umekuja. Simu yangu bubu tangu jana, na mimi kuna ujumbe nausubiri. Ulikuwa ufike jana."

"Wa nani?"

"Wewe ni nani yake?"

Nikasema mimi ni afisa wa mfumo wenyewe, ninaona kila kitu. Akasema basi angalia mwenyewe huko unakoona, yeye hatamtaja mtu barazani. Alichokubali kusema ni kwamba amempigia mkunga wa kituo, akaambiwa majibu ya Ijumaa yote yalitoka maabara jana asubuhi na mashine imeshayatuma. Alikuwa ametoa betri, ameipuliza, amerudisha. Alikuwa amepanda hata juu ya stuli kutafuta mtandao. Alikuwa ameamua kwamba jioni hiyo, akimaliza kushona, aende kituoni mwenyewe.

Nikatoa kishikwambi changu kwenye begi, nikafungua orodha ya jumbe zilizozuiwa. Zilikuwa tisa. Nane zilikuwa za kawaida: tarehe za kliniki, dawa za kuchukua, chanjo. Ya tisa ilikuwa na alama nyekundu. Ilikuwa ya mjamzito wa miezi minane, na ilisema: majibu yako ya damu na mkojo yapo, fika hospitali kubwa leo, usisubiri tarehe yako. Ile "leo" ilikuwa ya jana.

Ningeweza kusema ni hitilafu, na yule mama angeniamini, maana mitandao yetu mnaijua. Sijui ni nini kilinizuia. Nikamwambia, "Mama, ni mimi. Namba yako niliizuia mimi jana. Nilidhani ni watu wa uongo."

Alinitazama kidogo tu. "Fungua," akasema.

Nikafungua. Simu ikaanza kutetemeka juu ya meza ya cherehani, mara moja, mbili, ikaendelea mpaka mkasi ukasogea. Akazisoma kwa kuisogeza simu mbali na macho, akafika kwenye ile moja, na sikumwona akivaa viatu. Alishuka baraza na futi yake shingoni akaanza kukimbia. Watu walitoka milangoni kumtazama, maana walizoea kumwona akizunguka taratibu, na siku hiyo alikuwa anakwenda mlango mmoja tu na hakujali nani anaona.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, uchochoro ambao gari haliingii. Nilimkuta ameshafika ndani. Mjamzito alikuwa amelala chumba kimefungwa mapazia, kitambaa kimefungwa kichwani. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka kanda za ndala zimeacha alama. Alisema kichwa kinamuuma tangu juzi na anaona vimulimuli mbele ya macho. Mume wake, mwashi, alikuwa kazini upande wa pili wa mji. Mama Posta hakumtisha. Alimwambia, "Majibu yako yamekuja, mwanangu, na daktari anakutaka sasa hivi. Gari lipo. Simama pole pole, nishike mimi." Tukamtoa tukiwa tumemshika huku na huku.

Ndani ya gari Mama Posta alimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwake. Na hapo, baada ya yule mwanamke kufumba macho, ndipo nilipopata changu. Hakupaza sauti. Alinisema kwa sauti ya chini kutoka pale mpaka geti la hospitali, huku akimpapasa mgonjwa wake paji la uso. Kwamba ungepiga simu. Namba unayo mbele yako, umeona watu mia na themanini, hukujiuliza hata mmoja anaitwa nani? Simu moja tu, mwanangu, ningekujibu. Kidole chako kina haraka kuliko akili yako. Sijawahi kusemwa namna ile tangu nimalize shule, na kila neno lilikuwa halali yangu.

Kwa yale yaliyofuata lazima niusifu na mfumo, haki yake. Tulipofika, mkunga wa hospitali hakuuliza maswali ya mwanzo. Alichapa namba ya kadi, presha zote za kliniki zikamjia, uzito wa kila mwezi, kundi la damu, majibu ya maabara. Dawa ya kuzuia kifafa cha mimba ilianza kuingia kabla sijapata pa kuegesha gari. Saa nane mchana wakamfanyia upasuaji. Alikuwa mtoto wa kike, mdogo mdogo, wa kuwekwa kwenye joto, lakini sauti alikuwa nayo. Mama yake alitoka salama.

Daktari aliyetoka kuzungumza nasi hakuwa na uso wa pongezi. "Majibu haya tuliyatuma jana asubuhi," akasema. "Siku nzima na zaidi. Mlikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo. Mama Posta akanitangulia.

"Mtandao ulisumbua, daktari," akasema.

Daktari akatikisa kichwa kwa uchovu wa mtu ambaye sentensi hiyo anaisikia kila siku, akaingia ndani. Mimi nilikuwa najua kuliko mtu yeyote pale kwamba jana yake mtandao haukusumbua hata dakika moja. Nikamgeukia nimshukuru. Akanikata kauli. "Zimebaki nane," akasema. "Umezifunga wewe, utazipeleka wewe. Mimi nitakuonyesha milango."

Basi alasiri ile, afisa mzima wa mfumo, na kitambulisho changu kifuani, nilitembea nyumba hamsini na tatu kwa ajili ya jumbe nane. Nyumba ya kwanza nilianza, "Natoka ofisi ya afya," akanikanyaga mguu. Nikajifunza. Nyumba ya pili nilikuwa mpwa wake anayejifunza kushona. Nyumba ya tano nilishika ncha ya futi wakati anampima bibi mmoja ambaye hakuwa na haja ya gauni. Alipofika kwa mzee wa kisukari hakumtajia tarehe, maana mzee hana kalenda. Alimwambia kliniki ni siku ile gari la taka linapopita, asubuhi, asinywe chai kwanza, kisha akamfanya arudie mara mbili. Kwa yule baba wa kifua kikuu alikaa muda mrefu zaidi, wakabishana kuhusu mpira wa miguu, na mimi nilikaa pale pale na sikusikia ni saa ngapi aliusema ujumbe wake. Lakini tulipotoka yule baba alikuwa ameshachukua kofia yake aende kuchukua dawa.

Nilirudi ofisini wiki ile nikaichana fomu yangu. Namba ya simu haikuwa lazima tena, na nikaongeza mstari mpya: mtu ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua kumpokelea ujumbe, kwa ridhaa yake na saini yake. Nikazitafuta pia namba nyingine zilizoandikwa kwa wagonjwa wengi, ambazo nilikuwa nimepanga kuzizuia vile vile. Safari hii nilipiga simu kwanza. Alipokea kinyozi. Akapokea mwalimu mstaafu. Akapokea mama muuza mkaa, ambaye aliniuliza kwa ukali kama kuna mgonjwa wake aliyezidiwa. Eneo letu peke yake lilikuwa na watu ishirini na sita wa namna ile, hakuna aliyewatuma na hakuna aliyekuwa na habari zao. Ningewafuta wote siku moja, kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka uliofuata palikuwa na mkutano mkubwa wa ofisi yetu, na mkuu wangu akanisimamisha mbele ya watu. Akasema mimi ndiye niliyegundua mpango ule wa wapokea ujumbe, na kwamba wajawazito wanaokosa kliniki wamepungua kwa zaidi ya nusu. Ukumbi ukapiga makofi. Mama Posta alikuwa amealikwa, amekaa mstari wa pili na gauni alilojishonea, naye akapiga makofi kama wengine, bila hata kutabasamu kwa kejeli. Nilitamani sakafu inimeze.

Nje nilimfuata. "Mama, mbona hujamwambia mtu? Hata yule mwashi hajui. Kila akiniona ananishika mkono kwa mikono miwili."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni mimi niliyefunga."

Alikuwa anatafuta kitu katika mkoba wake, akaendelea kukitafuta. "Huo si ujumbe wangu," akasema. "Ni wako. Na wewe miguu unayo."

Ilinichukua siku nne. Siku ya tano, Jumamosi asubuhi, nilikwenda nyuma ya mashine ya kusaga. Mwashi alikuwa nyumbani, akafurahi kuniona, akatoa kiti kizuri. Mkewe aliniwekea mtoto mapajani kama wanavyofanya kila nikienda, mtoto wa mwaka mmoja na kidogo sasa, mzito, mwenye mkono wa kushika miwani ya watu. Nikawaambia. Nilisema yote, Jumatatu, kitufe, chai niliyokunywa, na mtandao ambao haukusumbua.

Yule mwanamke hakushtuka. "Mimi najua," akasema. "Nilikuwa nimefumba macho tu. Mama Posta alikusema njia nzima, nilikuwa nasikia. Nilisema moyoni, nikipona huyu kaka tutaonana. Halafu nikasikia kwa daktari kwamba amemwambia ni mtandao, nikaona kama yeye ameamua hivyo, basi na mimi nisubiri uje mwenyewe."

Mwashi alimtazama mkewe, akanitazama mimi. Alisimama akatoka nje, akakaa kwenye tofali pale mlangoni, ametugeuzia mgongo. Nikainuka ili niondoke. Nikamnyooshea yule mama mtoto wake, naye hakumpokea. "Kaa," akaniambia, akaenda kukaa karibu na mume wake, na mimi nikabaki ndani peke yangu na mtoto mikononi.